MAWE YASIYO NA SARUJI

Neno letu leo: Nehemia 3 na 1 Petro 2:5.

Wengi wetu hapa Kisumu Ndogo tukisema "nyumbani" tunamaanisha kule upande wa ziwa. Je, umewahi kufika Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori? Ohinga kwa Kijaluo ni boma lililozungushiwa ukuta. Liko kilimani, na huenda lilijengwa karne ya 16. Mwaka wa 2018 UNESCO ililiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukuta ule hauna saruji. Ni mawe ya pale pale, yaliyopangwa moja juu ya lingine, na mahali pengine kimo kinapita mita 4. Upande wa nje una mawe makubwa, wa ndani vilevile. Katikati walijaza mawe madogo ya kushikanisha pande hizo mbili. Mgeni hayaoni, lakini yaondoe uone kama ukuta utasimama.

Mlango ni mdogo, unaingia ukiwa umeinama. Adui hangeweza kuingia mbio akiwa ameinua mkuki. Ndani waliishi watu na mifugo yao, walisaga nafaka, na hata walichonga mashimo ya bao kwenye mwamba.

Sasa sikiza, mpendwa. Walioujenga sio pekee walioishi humo. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja, tena za lugha tofauti. Waliokuja hawakuubomoa eti kwa sababu ni wa watu wengine. Waliukarabati. Ndiyo maana boma lile lilikaliwa mpaka karne ya 20.

Sisi je? Hapa kwetu ukuta ni mabati. Jirani akikohoa usiku unamsikia. Lakini mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, jirani alimfukuza jirani kwa sababu ya jina lake la pili. Kuna mnaosoma hapa mliopoteza nyumba. Kuna waliotazama tu. Na mimi, mtumishi wenu, nilifunga mlango nikaomba kwa sauti ya chini ili mtu asijue niko ndani. Nimetubu, lakini sijasahau.

Petro anatuita mawe yaliyo hai. Mungu hakutuchonga tufanane. Anatupanga tukiwa Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu, Mkamba, Mnubi, kila mmoja akimbeba mwenzake. Na wewe unayejiona jiwe dogo, wewe unayefagia kanisa au unayepika chai ya wageni, ni wewe unayeshika ukuta.

Wakati wa Nehemia, wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na kazi ikaisha kwa siku 52. Kwa hivyo wiki hii anza na mlango wa jirani yako. Kama kuna neno baya kati yenu tangu uchaguzi fulani, inama, ingia, ombeni msamaha.

Baba, tupange upya. Pale tulipobomoa, tupe mikono ya kukarabati. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha uende ukabishe hodi.