Umezima gari, redio na kamera bado ziko macho? Hivi ndivyo unavyoweza kuzizima bila kuua betri

Saa 11 alfajiri. Mama ana basi la saa 12 kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Mabegi yako kwenye buti, unazungusha ufunguo... tek, tek, tek. Taa za dashibodi zinafifia, injini haigeuki. Betri imekwisha, na jana jioni ilikuwa nzima kabisa.

Hapo wengi tunailaumu betri. Unanunua mpya, wiki chache baadaye mchezo ni uleule. Kumbe mlaji yuko ndani: ile redio kubwa ya Android uliyofunga, kamera ya dashibodi au amplifaya ya kwenye buti. Gari ulilizima, vyenyewe havikuzimika.

Lakini pia kuna tatizo la upande wa pili. Kifaa kikikatiwa umeme ghafla kila unapozima gari, kinaanza kuwaka polepole, kinasahau mipangilio, na kamera inaweza kupoteza kipande cha mwisho cha video. Kama uligongwa na gari likazimika hapohapo, kipande hicho ndicho ulichokuwa unakihitaji.

Kwa hiyo swali si "nikate au nisikate". Swali ni: kikatwe lini, na nani akiambie kwanza?

Kwa nini gari zetu nyingi zina vifaa vya kuongezwa

Sababu kubwa ni gari zilizotumika kutoka Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa soko la kule, ambako FM ilianzia 76 hadi 90, na zile za karibuni zimeongezwa hadi 95. Huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Ukiachana na maandishi ya Kijapani, stesheni nyingi hauzipati. Ndiyo maana gari likitoka bandarini tu, kitu cha kwanza kubadilishwa ni redio.

Na redio ya sasa si redio tu. Ni kompyuta: ina programu, kumbukumbu, ramani na Bluetooth. Kompyuta haipendi kung'olewa kwenye umeme ikiwa katikati ya kuandika kitu.

Nyaya tatu unazotakiwa kuzijua

Nyuma ya redio nyingi za kuongezwa kuna nyaya nyingi, ila kwa suala la kuzima, hizi tatu ndizo za msingi:

• Njano: moto wa muda wote, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Unatunza saa, stesheni na mipangilio.
• Nyekundu: moto wa ACC, yaani unaokuja ukizungusha ufunguo na kuondoka ukiuzima. Kazi yake kubwa ni kutoa taarifa: "mwenye gari amewasha" au "mwenye gari amezima".
• Nyeusi: ethi.

Kuna pia bluu yenye mstari mweupe, unaokwenda kuiamsha amplifaya redio ikiwaka.

Nyaya za kuunganishia kamera ya dashibodi kwenye fyuzi nazo mara nyingi hufuata mpangilio huohuo wa njano, nyekundu na nyeusi. Ila usiamini rangi peke yake. Nyaya za gari lenyewe zina rangi zake, na huenda kuna fundi aliyepita kabla yako. Pima kwanza.

Makosa mawili yanayorudiwa kila siku

Kosa la kwanza: njano na nyekundu zinafungwa pamoja kwenye moto wa muda wote. Mteja amesema "nataka redio ipige hata bila ufunguo", basi fundi anamrahisishia. Matokeo yake redio haipati kamwe taarifa kwamba gari limezimwa. Ukibonyeza kitufe, skrini inaweza kuwa nyeusi, lakini ndani iko macho usiku kucha.

Kosa la pili: zote mbili zinafungwa kwenye ACC. Hapo betri iko salama, ila redio inakatwa kama umeme wa LUKU ulioisha. Kila asubuhi inawaka upya kuanzia mwanzo, nembo inazunguka, na saa imerudi nyuma.

Kwenye baadhi ya gari mpya zaidi, waya wa ACC haupo kabisa nyuma ya redio. Kompyuta ya gari inatuma ujumbe kupitia nyaya za data, na redio ya kuongezwa inahitaji kisanduku kidogo cha kuutafsiri ujumbe huo. Kisanduku kikikosekana, au kikiwekwa cha aina nyingine ya gari, ndipo njia ya mkato ya kufunga nyekundu kwenye moto wa muda wote inapoingia.

Na usishangae kama redio yako inaendelea kupiga baada ya kutoa ufunguo, kisha inanyamaza ukifungua mlango. Baadhi ya watengenezaji wameweka hivyo makusudi: gari linashikilia moto wa vifaa kwa dakika kadhaa au hadi mlango ufunguliwe. Huo si ubovu.

Kanuni ya kushika: taarifa, muda, ukomo

Kuzima vizuri kuna hatua tatu, na zote zinahitajika.

1. Taarifa. Kifaa kiambiwe kwamba gari limezimwa. Hiyo ni kazi ya waya mwekundu.
2. Muda. Kipewe nafasi ya kufunga kazi zake. Kamera inahitaji sekunde chache kumalizia faili. Kompyuta ndogo inahitaji kama dakika moja hivi.
3. Ukomo. Kuwe na mwisho usiojadiliwa: ama muda uliopangwa umekwisha, ama volti za betri zimeshuka hadi kiwango fulani. Hapo kinakatwa, hakuna mjadala.

Watu wengi huweka muda tu. Wanafunga kitu cha kuchelewesha, wanaona tatizo limekwisha. Lakini kama kifaa hakikupata taarifa, ukichelewesha dakika tano unakuwa umesogeza tu ile kata ya ghafla mbele kwa dakika tano.

Hesabu ya haraka: betri yako inadumu muda gani?

Chukua betri ya NS60, saa-ampia 45, ambayo iko kwenye gari nyingi ndogo. Ili injini iwake bila shida, usiiache ishuke chini ya nusu. Maana yake una kama saa-ampia 22 za kuchezea, tena ikiwa betri ni nzima na imejaa.

• Redio iliyolala pamoja na vitu vya gari lenyewe, tuseme miliampia 50: inachukua takriban siku 18 kufika nusu.
• Kamera inayorekodi gari likiwa limeegeshwa, tuseme miliampia 300: takriban siku 3.
• Redio ya Android iliyo macho, tuseme ampia 1.5: takriban saa 15.

Umeona tofauti? Redio ileile, waya mmoja tu umehamishwa, na kutoka wiki mbili na ushee unabaki na usiku mmoja na asubuhi yake. Betri ikiwa na miaka mitatu, punguza hesabu zote hizo.

Na kila betri ya kawaida ya gari inapokaushwa hadi chini, inaumia. Ukiibusti itawasha gari, ila uwezo wake haurudi wote. Ikikaushwa mara chache tu, unaenda dukani.

Kila kifaa na dawa yake

*Redio ya Android.* Ingia kwenye mipangilio ya gari ndani ya redio yenyewe. Nyingi zina sehemu ya kuchagua kama ilale au izime kabisa, na baada ya muda gani. Kulala kunaifanya iwake ndani ya sekunde chache asubuhi, lakini inakula umeme kidogo. Kama unaendesha kila siku, iache ilale. Kama gari linakaa wiki nzima bila kuguswa, chagua izime kabisa.

*Kamera ya dashibodi.* Ikiwa unaitaka irekodi wakati gari limeegeshwa, tumia kifaa cha kuunganishia chenye kinga ya volti za chini. Vingi vinakupa uchaguzi kati ya takriban 11.8 na 12.4. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7, nusu ni kama 12.2, na 12.0 ni robo tu. Kwa hiyo 12.2 ni chaguo la busara, na kama betri imezeeka weka 12.4. Ile 11.8 iko hapo, ila ukiitegemea ujue betri itakuwa karibu tupu. Kama kuna uchaguzi wa saa pia, weka vyote viwili. Kitakachofika kwanza ndicho kikate.

*Amplifaya.* Hii haihitaji kuchelewa hata kidogo. Ule waya wa kuiamsha utoke kwenye redio, usiunganishwe kwenye moto wa muda wote. Amplifaya iliyo macho inaweza kula nusu ampia au zaidi hata kama hakuna muziki.

*Chaja ya simu na Wi-Fi ya gari.* Zikatwe pamoja na ufunguo. Angalia pia ile tundu ya kuwashia sigara: kwenye baadhi ya gari ina moto hata ufunguo ukiwa mfukoni.

*Kifaa cha kufuatilia gari na alamu.* Hivi ni tofauti. Kazi yake ni kuwa macho wakati wewe umelala, hivyo usivitie kwenye mfumo wa kuzima. Hakikisha tu ni vya aina inayolala gari likitulia.

Rilei ya kuchelewesha: lini unaihitaji?

Kama kifaa chako hakina mpangilio wowote wa ndani, kuna rilei ndogo za volti 12 zenye kipima muda. Inapata moto wa muda wote, ethi na alama kutoka ACC. Ukizima gari, inaanza kuhesabu. Muda ukiisha inaachia na kifaa kinakosa umeme.

Zingatia mambo manne:

• Nunua ile inayochelewesha kuzima. Kuna nyingine inachelewesha kuwaka, na kwa macho zinafanana.
• Rilei iwe na uwezo wa kubeba ampia za kifaa chako na zaidi kidogo.
• Waya wa moto kutoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa bodi, hapo tunazungumzia moto wa kuzimwa na zimamoto.
• Waya wa ACC uende pia kwenye kifaa, kama kina sehemu yake, ili kipate taarifa kabla ya kukatwa.

Na usichukue moto kutoka kwenye nyaya za mifuko ya hewa au breki za ABS. Mifuko ya hewa mara nyingi ina soketi na mirija ya njano. Ukiiona, toa mkono.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Unahitaji multimita, hata ya bei rahisi.

Njia nyepesi: jioni, saa moja au mbili baada ya kuzima gari, pima volti za betri. Pima tena asubuhi kabla ya kuwasha. Zikishuka kutoka 12.6 hadi 12.5, hakuna neno. Zikishuka hadi 12.2 kwa usiku mmoja, kuna mtu anakula, au betri yenyewe imechoka.

Njia ya uhakika: zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa negativu kwenye betri, weka multimita katikati ya waya huo na betri, kwenye tundu la ampia 10. Subiri nusu saa, maana kompyuta za gari zinachukua muda kulala. Gari zima kwa kawaida linasoma chini ya miliampia 50. Ukiona 500 au 1,500, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Iliyoishusha ndiyo njia ya mlaji.

Tahadhari: multimita ikiwa hapo katikati usiwashe gari, utaiunguza. Na kama redio ya kiwandani ina namba ya siri, iwe nayo kabla ya kufungua betri.

Mwambie fundi hivi

Huna haja ya kubishana na fundi rewaya. Mpe maagizo matatu kabla hajafungua dashibodi:

"Fundi, njano iende moto wa muda wote, nyekundu iende ACC, zisikutane."

"Naomba fyuzi karibu na betri."

"Tukimaliza, tupime pamoja gari likiwa limezimwa."

Akisema kupima si lazima, mwambie utasubiri. Nusu saa ya kukaa kwenye benchi lake ni nafuu kuliko kutafuta mtu wa kukubusti saa 11 alfajiri, mama akiangalia saa.