Chungu cha Zamani na Presha ya Leo

Leo tunazungumzia moyo, lakini tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alilala usiku mmoja hapa kisiwani Mombasa. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa.

Karibu miaka 600 baadaye, mwaka 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison alitoa taarifa ya kazi yake huko Kisii. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili, hakupata hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Watu wa huko walikula wimbi, kunde na mboga za majani. Walilima kwa jembe na kwenda kwa miguu.

Je, ni damu yao iliyowakinga? La. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na watafiti wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Katika miezi michache tu, presha yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi mwilini imeongezeka na madini ya potasiamu yamepungua. Watu ni wale wale; maisha na chungu ndivyo vilivyobadilika.

Potasiamu husaidia figo kutoa chumvi. Nasi wa Mbaraki hatuhitaji kuitafuta mbali: imo katika ndizi, mchicha, kunde, mbaazi na muhogo. Samaki wa kupaka au wa mchuzi ni bora kuliko wa kukaangwa kila siku. Tui liwe jepesi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, kachiri na viungo vya pakiti. Basi kiondoe kikopo cha chumvi mezani, watoto wasizoee.

Mwisho, presha mara nyingi haina dalili. Nenda ukapimwe, nawe baba umhimize. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu anakula vizuri. Chakula na dawa husaidiana.

Mama, mwiko umo mkononi mwako.