Volos na njia za mawe za Pelion

Wageni wengi wanaofika Volos hawageuki kutazama nyuma. Wanateremka na mizigo yao hadi gatini, wanapanda feri ya Skiathos, Skopelos au Alonnisos, na mji wenyewe wanaufahamu kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nyuma yao umesimama mlima Pelion, kilele chake kikiwa mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na miteremko yake inaanzia pale pale zinapoishia nyumba za mwisho za mji. Mtu anayependa kutembea milimani, kupiga makasia au kuteleza kwenye theluji anaweza kulala mjini hapa na kuyafanya yote kwa zamu. Sijui bandari nyingine ya Ugiriki inayofaa hivyo. Ila njia atakazozipita zilikuwa njia za kazi kabla hazijawa za starehe, na ndiyo maana zinavutia.

Tuanze na maji. Ghuba ya Pagasetic imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, kwa sababu rasi ya Pelion inateremka kusini kisha inajikunja magharibi kama mkono uliopinda kwenye kiwiko. Ndani yake bahari hutulia, hata siku ambazo Bahari ya Aegean ng'ambo ya mlima imechafuka. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba ni hapa, Iolkos, Jason alipoiteremsha majini merikebu ya Argo kwenda kutafuta ngozi ya dhahabu, na kwamba mbao zake zilikatwa Pelion. Mwaka 1984 msafiri Tim Severin alifunga safari kutoka Volos kwa mashua ya makasia 20, iliyoundwa kwa kufuata za kale, akafika Georgia, upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi. Mwaka 2008 Argo nyingine iliyoundwa Volos iliondoka hapa na wapiga makasia 50, ikaishia Venice. Anayekodi kayaki leo kwa asubuhi moja anayatumia maji yale yale tulivu yaliyoifanya sehemu hii kuwa bandari.

Na watu wamekaa hapa muda mrefu kuliko hadithi hiyo. Kilomita chache kutoka mjini kuna Sesklo na Dimini, vijiji vya wakulima wa Zama za Mawe vilivyochimbuliwa na Christos Tsountas, ambaye alichapisha kazi yake mwaka 1908. Mwanzoni mwa karne ya 3 KK mfalme Demetrios Poliorketes alijenga Demetrias ng'ambo kidogo ya maji, mji uliowapa wafalme wa Makedonia mlango wa kuelekea kusini. Mawe ya makaburi yake yenye michoro ya rangi yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Volos, lililofunguliwa mwaka 1909. Siku ya mvua, usiende kwingine.

Chini ya utawala wa Waosmani mambo yaligeuka. Pwani ilikuwa na ngome tu na gati. Watu na mali walikuwa juu. Vijiji vya Pelion vilifuga viwavi wa hariri, vikafuma nguo na kufanya biashara ya mbali, na shule za Milies na Zagora zilijulikana kote katika nchi za Wagiriki. Mwaka 1821 Anthimos Gazis, mtu wa Milies na msomi, ndiye aliyewaongoza wanakijiji kuasi. Volos mpya ilikua baadaye, katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara walipoanza kushuka kutoka vijijini. Mwaka 1881 jimbo la Thessaly, lenye Volos na Pelion, lilipoingia Ugiriki, mji ulikuwa tayari kufanya kazi.

Kilichounganisha juu na chini ni kalderimi, njia za mawe za nyumbu. Inama uitazame moja. Mawe bapa yamebanwa pamoja, na kila baada ya hatua kadhaa safu ya mawe imeinuliwa kidogo kukata njia kwa upana, ili kwato za mnyama mwenye mzigo zipate pa kushika wakati wa kushuka. Nafasi kati ya ngazi na ngazi imepimwa kwa mwendo wa nyumbu, si wa binadamu, kwa hiyo magoti ya mgeni hulalamika. Teremka nayo kutoka Makrinitsa, kijiji kilicho mita 600 hivi juu ya ghuba, uende hadi Anakasia. Huko kuna nyumba ya Kontos, ambayo kuta zake zilichorwa na Theofilos mwaka 1912: mashujaa, farasi na vita. Mchoraji huyo alizunguka vijiji hivi miaka mingi akilipwa mara nyingi kwa chakula tu.

Kisha ikaja reli. Mhandisi Mwitaliano Evaristo de Chirico, ambaye mwanawe Giorgio, mchoraji, alizaliwa Volos mwaka 1888, alijenga reli nyembamba yenye upana wa sentimita 60. Ilifika Lechonia miaka ya 1890 na Milies mwaka 1903, kwa ajili ya abiria na mazao ya mlimani. Karibu na Milies kuna daraja lake la chuma: daraja limenyooka, lakini reli zilizo juu yake zimepinda. Huduma ilisimamishwa mwaka 1971, na kipande cha Ano Lechonia hadi Milies kilifunguliwa tena mwaka 1996 kwa watalii. Wengi hupanda garimoshi kwenda na kurudi kwa miguu.

Atakayeuona mji kuwa hauna sura ya kale akumbuke matetemeko ya Aprili 1955, yaliyobomoa sehemu kubwa ya Volos. Aliyejengewa haraka hachagui nakshi.

Upande wa mashariki ni nchi nyingine: misitu minene, matufaha ya Zagora, ambako ushirika wa wakulima ulianzishwa mwaka 1916, na njia zinazoshuka hadi fukwe za Fakistra na Damouchari. Mawingu ya Aegean hunyesha upande huu. Mnamo Septemba 2023 kimbunga Daniel kiliimwagia Zagora zaidi ya milimita 700 za mvua kwa siku moja. Volos ilikosa maji ya bomba, reli ya kwenda Larissa ikasombwa. Mwaka uliofuata zaidi ya tani 100 za samaki waliokufa zikaondolewa bandarini, samaki wa maji baridi waliotoka ziwa Karla lililokuwa limefurika.

Kwa hiyo naona anayeifanya Volos kituo chake asilale mjini siku zote. Alale pia Makrinitsa, Milies au Zagora, alipie kitanda na chakula huko, na asubuhi awaulize wenyeji ni njia ipi imesafishwa na ipi bado ina kifusi cha kimbunga hicho, maana ramani iliyochapwa kabla ya 2023 haiwezi kumwonyesha.