Mizani ya Nabii Amosi

Mlima Nyiragongo ulipotema moto tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Ulitema tena tarehe 22 Mei 2021. Nyakati kama hizo hawakosekani wasemao: hii ni hukumu ya Mungu. Tumwulize Amosi, ambaye kitabu chake husema alinena miaka miwili kabla ya tetemeko la nchi.

Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa katika Yuda, karne ya 8 K.K. Alitumwa katika ufalme wa kaskazini chini ya Yeroboamu wa Pili, nchi ilipokuwa imestawi. Wanaakiolojia waliochimba Samaria walikuta mapambo ya pembe za ndovu, anasa ileile aliyoikemea nabii. Watu waliingojea Siku ya Bwana wakidhani itawaangamiza adui zao tu. Amosi akawaambia itakuwa giza kwao wenyewe. Amasya, kuhani wa Betheli, alimwamuru arudi kwao. Hakubadili neno.

Uhakika huo aliupata wapi? Hakuusoma katika dalili za milima. Alimjua Mungu wa Agano: aliyewatoa watu wake utumwani hawezi kunyamaza maskini anapouzwa kwa bei ya viatu. Mashtaka yake ni ya sokoni: kipimo kilichopunguzwa, mizani ya udanganyifu, makapi ya ngano yaliyouzwa kama chakula. Mwaka 722 K.K. hivi, Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru.

Jambo hilohilo lilimkuta kijana wa Goma. Floribert Bwana Chui, aliyekagua bidhaa mpakani, alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichoharibika. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Basi tusimhukumu mama ambaye nyumba yake ilimezwa na lava. Hukumu anayoihubiri Amosi hulitaja kosa waziwazi, tena humwacha mkosaji nafasi ya kugeuka: kati ya neno lake na anguko la Samaria ilipita miongo kadhaa. Kuchelewa kwake hakukuwa kufutwa. Kabla ya kuuliza mlima unasema nini, kila mmoja wetu atazame mizani yake: dukani, shuleni, ofisini.