Vipara vya Hiari

Wahenga walituachia usemi kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Maana yake kila mtu anaijua: balaa lililomfika jirani liko njiani kuja kwako, kwa hiyo jiandae. Lakini iko habari ya watu waliouchukua usemi huo kama ulivyo, wakaona wenzao wamenyolewa na maradhi, nao wakatia maji vichwani mwao na kukaa kitini kumsubiri kinyozi. Tena walionyolewa na maradhi walikuwa watoto wadogo.

Ilikuwa Machi 17, 2000, katika baa moja ya jijini New York iitwayo Jim Brady's. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo watu wenye asili ya Ireland huiadhimisha kwa vinywaji na mavazi ya kijani. Mabwana watatu wa kampuni za bima, Tim Kenny, John Bender na Enda McDonnell, walikuwa wamekubaliana kwamba safari hii sherehe yao isiishie kwenye glasi. Biashara ilikuwa imewanyookea, wakaulizana watarudisha nini kwa jamii. McDonnell alikuwa na nywele nyingi za kupendeza, na katika mazungumzo zikageuka mada: je, watu watatoa shilingi ngapi kuona kichwa hiki kimekuwa kipara?

Hesabu yao ilikuwa ya utani. Tarehe 17, watu 17, kila mmoja achangishe dola 1,000, zipatikane dola 17,000 za utafiti wa saratani ya watoto. Zilipatikana zaidi ya dola 104,000. Jina walilolipa shughuli hiyo, St. Baldrick's, ni la mzaha vilevile: wamemchukua Mtakatifu Patrick wakamchanganya na neno la Kiingereza lenye maana ya kipara. Msomaji asihangaike kumtafuta mtakatifu huyo katika kalenda ya kanisa, hayumo.

Mzaha huo mwaka 2005 ulikuwa umekwisha kuwa taasisi kamili, na tangu hapo umetoa zaidi ya dola milioni 300 kwa watafiti. Kila mwaka, hasa mwezi Machi, wazima moto, polisi, walimu na wanafunzi hujipanga mbele ya mashine za kunyolea huku ndugu na marafiki wakitoa ahadi zao.

Kwa nini nywele? Dawa za saratani zina kazi ya kuua chembe hai zinazogawanyika upesi, kwa kuwa saratani hasa ndivyo ilivyo, ni chembe zisizojua kusimama. Taabu ni kwamba dawa hazina macho. Mizizi ya nywele nayo hugawanyika upesi, na ngozi laini ya mdomo, na utumbo, vyote hupigwa pamoja. Mtoto anapoteza nywele, anatapika, mdomo unamtoka vidonda. Basi kile kipara ambacho kwa mgeni ni alama ya ugonjwa, kwa daktari ni alama kwamba mtoto yumo katika matibabu. Na ni alama ambayo miaka 80 iliyopita haikuwapo, kwa sababu dawa zenyewe hazikuwapo.

Hapo yafaa turudi nyuma. Hadi mwaka 1947 mtoto aliyepata saratani ya damu alikuwa na majuma au miezi michache tu. Katika hospitali ya watoto ya Boston alikuwapo daktari aliyeitwa Sidney Farber, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na vipande vya nyama katika chumba cha chini. Alichoshwa na kuwaona watoto wakati ameshachelewa. Akapata dawa iitwayo aminopterini, iliyotengenezwa na kundi la wanasayansi lililoongozwa na Mhindi, Yellapragada Subbarow, akaijaribu kwa watoto 16. Mwaka 1948 alitangaza kwamba 10 kati yao walikuwa wamepata nafuu ya wazi. Nafuu hiyo haikudumu, ugonjwa ulirudi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza saratani ya damu kurudishwa nyuma kwa dawa.

Farber alihitaji fedha, na hapa sisi watu wa redio hatuna budi kujivuna kidogo. Mei 22, 1948, kipindi kimoja cha burudani kilichosikika Marekani nzima kiliunganishwa moja kwa moja na kitanda cha mvulana wa miaka 12 katika hospitali hiyo. Ili kumsitiri walimwita Jimmy. Mtangazaji akiwa upande wa pili wa nchi alimuuliza kuhusu timu yake ya besiboli, Boston Braves, na mara wachezaji wenyewe wakaingia chumbani mmoja baada ya mwingine. Wasikilizaji wakaombwa wachange ili Jimmy apate televisheni ya kutazamia mechi. Barua zilimiminika, nyingine zikiwa na jina la Jimmy na la mji tu, na mwaka ulipokwisha zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola 231,000. Wengi walidhani mtoto yule alikufa. La hasha. Mwaka 1998, mfuko huo ukitimiza nusu karne, alijitokeza mzee mmoja dereva wa lori, Einar Gustafson, akasema Jimmy ni mimi. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 65.

Si wote waliobahatika. Mwaka 1953 kijana mmoja mfanyabiashara wa mafuta huko Texas aliambiwa na daktari kwamba bintiye ana saratani ya damu, na kwamba lililo jema ni kumrudisha nyumbani amalizie siku zake kwa amani. Hakukubali. Alimpeleka New York, akatibiwa kwa miezi kadhaa, lakini mwezi Oktoba mtoto alifariki, akiwa amebakiza miezi miwili hivi kutimiza miaka minne. Baba huyo ni George Bush, yule mkubwa, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1989. Nywele za mama wa mtoto, Barbara, zilianza kugeuka mvi katika msiba huo akiwa na umri wa miaka 28. Sasa ruka miaka 60. Julai 2013, mtoto wa miaka miwili wa mmoja wa walinzi wa Bush alipatwa na saratani ya damu. Walinzi wenzake wakanyoa vichwa, na mzee, akiwa na miaka 89 na katika kiti cha magurudumu, akasema na mimi ninyoeni. Picha yake akiwa kipara, mtoto kipara mapajani mwake, ilizunguka dunia nzima.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa kuwa sehemu ya elimu hiyo imetoka katika mataya ya watoto wa Uganda.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika taya. Muda si mrefu akamkuta mwingine Jinja. Akaanza kuhesabu, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ikiwa katika pilikapilika za uhuru, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia virago katika gari la mtumba lililonunuliwa kwa paundi 250, wakasafiri majuma 10, kilometa kama 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Wakagundua kwamba uvimbe huo unakaa penye joto na mvua nyingi, yaani pale pale penye malaria. Mimi nausifu utafiti ule kuliko mwingi uliogharimu mamilioni.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakakiona ndani yake kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kampala nako, kwa kuwa mashine za mionzi hazikuwapo, Burkitt alilazimika kutumia dawa peke yake. Mojawapo ilikuwa methotreksati, ndugu wa karibu wa ile ya Farber. Wapo watoto waliopata dozi chache sana na uvimbe usirudi tena. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa msaada wa Wamarekani, na yaliyojifunzwa pale juu ya kuchanganya dawa yalivuka bahari.

Kuna jambo la mila ambalo halina budi kusemwa. Katika jamii zetu nyingi za bara, kunyoa kichwa ni alama ya msiba. Anayezinyoa nywele kwa ajili ya mtoto aliye hai anaweza kuambiwa anamchuria. Lakini watu wa pwani wanalo la kuwajibu. Mtoto akifika siku ya saba hunyolewa, na katika sunna ya akika nywele zake hupimwa, na fedha yenye uzito sawa na wake hutolewa sadaka kwa maskini. Nywele kwa sadaka, kwa ajili ya uhai wa mtoto: wale mabwana wa baa walidhani wamebuni jambo jipya.

Wapo pia wanaouliza kwa nini mtu asitoe tu fedha zake akabaki na nywele. Swali ni la haki, na mimi simlaumu anayeona huko ni kujionyesha. Ila kampuni za dawa hufuata soko, na watoto wenye saratani, wakilinganishwa na watu wazima, ni wachache, kwa hiyo utafiti wao hutegemea sana serikali na michango. Na mtu asiye na hata senti tano anacho kichwa.

Linalonikereketa mimi ni jingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi maskini wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Dawa zinazowaponya wengi wa watoto hao si siri tena, nyingine zina umri wa nusu karne na zaidi, na limfoma ya Burkitt, ikiwahiwa, ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri. Taasisi ya wale wenye vipara hivi sasa husomesha pia madaktari kutoka nchi maskini. Lakini daktari akishahitimu humsubiri mgonjwa, na mgonjwa yuko kijijini kwa mganga, uvimbe unakua, au ameanza dawa mjini na kuziacha katikati kwa sababu mama yake ameishiwa nauli ya basi na nyumbani ameacha watoto wengine wanne.