Chetezo cha Udongo



Wapendwa waamini, juma hili tutafakari juu ya chombo kidogo: chetezo cha udongo. Wapo miongoni mwetu wanaokitazama kwa mashaka, wakidhani ni chombo cha waganga tu. Historia yatufundisha vingine.

Mapadre Weupe walipowasili Ujiji mwaka 1879, kwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo, waliukuta mji wa soko wenye wafanyabiashara wa pwani. Kwa watu wa pwani, chetezo kilichofinyangwa kwa mkono kilikuwa chombo cha nyumbani: hufukiziwa ubani nguo, arusini na msibani. Kanisa lilipoleta chombo cha madini chenye minyororo, kwa Kiswahili nacho kikaitwa chetezo. Jina la chombo cha nyumbani likapanda altareni.

Tuvuke bahari hadi Mexico. Karne nyingi kabla ya Wahispania, wafinyanzi wa mji wa Teotihuacan walitengeneza vyetezo vya udongo, wakavipamba kwa maua, ndege na vipepeo. Utomvu uliofukizwa huko uliitwa copalli. Baadaye wafanyabiashara wa Ulaya wakaliazima jina hilo, wakaiita copal hata sandarusi yetu iliyouzwa Zanzibar. Mwaka 1562, mjini Maní, Mfransisko Diego de Landa aliteketeza sanamu na vitabu vya Wamaya. Hata hivyo, chetezo hakikutoweka. Hadi leo, tarehe 2 Novemba, familia nyingi za Kikatoliki huko hufukiza copal katika vyetezo vya udongo, zikiwakumbuka marehemu wao.

Je, Kanisa lakataa udongo? Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yakataza vyombo vya udongo kwa Mwili na Damu ya Bwana, kwa kuwa huvunjika upesi. Chetezo hakimo katika katazo hilo, maana hubeba makaa na ubani tu. Anayefukiza ili kupiga ramli atubu. Lakini kosa ni la nia yake, wala si la udongo.

Basi, tusirudie kosa la Maní katika nyumba zetu kwa kuvunja tusichokielewa. Mwenye chetezo cha bibi yake asikitupe: akitakase kwa sala, afukize jioni familia inapokusanyika kusali Rozari. Nasi tu udongo. Mungu ndiye atiaye kaa la moto ndani yetu.

Nawatakia Dominika njema.