Alizeti pori: ua lililogeuka gugu, gugu lililogeuka mbolea

Alizeti pori ni kichaka kirefu kuliko mtu, chenye maua ya manjano na majani machungu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na jina lake la kitaalamu, Tithonia diversifolia, lilitolewa na Asa Gray wa Marekani mwaka 1883. Barani Afrika ililetwa kuwa pambo na uzio. Mbegu zake nyepesi zikaivusha uzio, ikatawala kando za barabara na mashamba yaliyolala. Hata kipande cha shina kikichomekwa ardhini huchipua.

Miaka ya 1990, magharibi mwa Kenya, watafiti wa taasisi za kilimo na misitu za ICRAF, KARI na KEFRI waliyapima majani yake. Mwaka 2000 Bashir Jama na wenzake waliandika kwamba majani makavu yana naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1, tena huoza upesi.

Ubishi ukazuka. Majani mabichi yamejaa maji, na kuyakata na kuyabeba ni kazi nzito; ilionekana faida iko zaidi kwenye mboga za kuuza kuliko kwenye mahindi. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: udongo uliokwishiwa na fosforasi hautoshelezwi na majani peke yake. Jibu lilitoka Morogoro, Tanzania, mwaka 2006, pale watafiti Ikerra, Semu na Mrema walipoonyesha kuwa majani hayo yakichanganywa na fosfeti ya mwamba ya Minjingu, mavuno ya mahindi huongezeka.

Kufukia majani yawe mbolea si jambo geni Mbinga, kusini mwa Tanzania. Katika kilimo cha ngoro, Wamatengo wa huko hufyeka nyasi mvua zinapoelekea kuisha, huzipanga kwa miraba, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika kwa udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi msimu unaofuata, na mashimo huzuia maji yasiporomoshe mlima. Ni aibu elimu hiyo kuachwa ififie huku mkulima akihangaikia bei ya mbolea ya dukani.

Alizeti pori inastahili kujaribiwa ndani ya ngoro, kwa masharti. Ivunwe ile iliyokwisha kuota, ikatwe kabla ya kutoa mbegu, wala isipandwe kwenye kingo za mito inayoteremka Ziwa Nyasa.